Alizeti za kudumu kwa ajili ya nyuki, na ndugu yake wa viazi

Alizeti ya mafuta hufa kila msimu, lakini katika nyanda za majani za Amerika Kaskazini zipo aina za asili zinazochipua upya kila mwaka kutoka mizizini. Mojawapo, Helianthus maximiliani, huchanua mwishoni mwa kiangazi hadi vuli, wakati maua mengi yamekwisha na nyuki bado wanatafuta chavua. Mbegu zake zipandwe vuli, ili baridi ya udongo iziandae kuota.

Helianthus tuberosus, ambayo viazi vyake huliwa, hupandwa mapema majira ya kuchipua: fukia kiazi chenye macho mawili au matatu kwa kina cha sentimita 10, penye jua la kutosha. Nakusihi uitengee kitalu chake, kwa kuwa hata kipande kidogo kilichosahaulika ardhini huota tena na kusonga mboga nyingine. Vuna baada ya jalidi, viazi vinapokuwa vitamu zaidi, na uanze kwa kula kidogo, maana inulini iliyomo, aina ya nyuzinyuzi, huleta gesi tumboni.

Mabua usiyang'oe. Yakate majira ya kuchipua, ukibakiza angalau sentimita 30, kwa sababu baadhi ya nyuki wapweke hutoboa kiini chake laini na kutaga humo.