SOMO: Sentrifuji (mashine ya maabara inayozungusha tyubu za sampuli kwa kasi, vizito vitengane na vyepesi). Soma hadi mwisho ndipo uulize

Kila wiki ni lilelile: "Mkuu, mashine inatetemeka, nifanyeje?" Naandika hapa mara moja, yaishe.

1. Mashine ikae juu ya meza imara, isiyoyumba.

2. Tyubu yenye ufa, tupa. Nzima, funga kizibo.

3. Kama unataka seramu (majimaji yanayobaki damu ikishaganda), acha damu igande kwanza, kama dakika 30.

4. Sawazisha. Hapa ndipo mashine nyingi zinapofia. Kila tyubu ikabiliane na mwenzake wa uzito uleule, aina ileile. Uzito, jamani, si ujazo! Mililita 5 za damu ni nzito kuliko mililita 5 za maji, kwa hiyo jicho halitoshi, tumia mizani. Vikombe vya rota (kile kinachozunguka kikibeba tyubu) viwekwe vyote, hata vilivyo vitupu. Ikianza kunguruma au kutembea mezani, zima. Usiishike, usiegemee kifuniko.

5. Funga kifuniko, washa, usiondoke mpaka ifikie kasi yake.

6. Ifunguliwe ikisimama yenyewe. Kidole si breki.

MASWALI

– Nina tyubu moja tu, niiweke peke yake?
Rudia namba 4.

– Mkuu, tyubu 5 kwenye rota ya matundu 12?
Swali zuri. Mbili zikabiliane: tundu 1 na 7. Tatu zigawane duara: 2, 6 na 10. Zote ziwe na uzito sawa.

– Maelekezo yanasema 1500 g (nguvu ya mzunguko, si gramu), mashine yangu ina rpm (mizunguko kwa dakika) tu.
Pima kwa rula toka katikati ya mhimili hadi kitako cha tyubu, ikiwa imelala kama inavyozunguka. Sentimita hizo zidisha kwa rpm kipeo cha pili, kisha kwa 0.00001118. Sentimita 15 kwa rpm 3000 inakupa kama 1509 g. Ukipandisha kasi mara 2, nguvu inapanda mara 4, kwa hiyo usikisie.

– Tyubu ya makohozi imepasukia ndani. Nimefungua kidogo tu nichungulie.
Kidogo ndiyo nini? Funga, zima, toka. Subiri dakika 30 vitone vitue. Vaa barakoa ya N95 na glavu nene, vioo vitoe kwa koleo. Na makohozi yanazungushwa kwenye vikombe vyenye vifuniko, vinavyofunguliwa ndani ya kabati la usalama, lile linalonyonya na kuchuja hewa.

– Nyongeza: kagueni vile vipira vya chini ya vikombe. Kigae kikibaki humo, tyubu inayofuata inapasuka palepale.
Safi sana. Na jiki inakula alumini. Rota ikiguswa nayo, suuza kwa maji mengi papo hapo, uifute, uikaushe ikiwa imefudikizwa.