Namna ya kufundisha historia ya UNIA ya Marcus Garvey kwenye kikao cha kikoba, Moshi

Wanakikoba wanajua hisa, marejesho, mfuko wa jamii na sanduku la kufuli tatu. UNIA, jumuiya ya kujitegemea ya watu weusi ambayo Marcus Garvey na Amy Ashwood waliiasisi Kingston, Jamaika, Julai 1914, ifundishe basi kwa kuanzia kwenye hesabu. Hotuba za Garvey zina moto, lakini ukitanguliza hotuba, watu watapiga makofi na kutawanyika bila kujua nini kilijengwa na nini kilibomoka.

Tenga dakika 90 baada ya marejesho kukusanywa. Mwenye deni hasikii historia. Andaa ramani ya dunia, kamba ya mita 4, vibanio vya nguo, na kadi 33 za karatasi ya manila.

Tandaza kamba ukutani, sentimita 30 kwa kila mwaka, kuanzia 1914 hadi 1927. Bana matukio: 1916 Garvey anaingia Marekani, 1918 gazeti la Negro World, 1919 Garvey anaanzisha kampuni ya meli ya Black Star Line, 1920 mkutano mkuu New York, uliopitisha tamko la haki za watu weusi na bendera ya rangi nyekundu, nyeusi na kijani, 1922 safari za meli zinasimama, 1923 Garvey anahukumiwa, 1925 anaingia gereza la Atlanta. Chini ya 1925 bana pia KNPA, chama cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro kilichoitangulia KNCU, chama kikuu cha ushirika cha 1933. Hapo mtu atasema Wachagga waliiga UNIA. Mzuie mapema: kuangukia mwaka mmoja si ushahidi.

Kisha nenda kwenye ada. Watu saba walitosha kuanzisha tawi. Kila mwanachama alilipa senti 35 za dola kwa mwezi, 25 zikabaki tawini na 10 zikaenda makao makuu. Mwanachama hai akifariki, katiba ilimtengea dola 75 za mazishi. Acha wanakikoba wapime hayo na utaratibu wao wa msiba. Kwa kawaida hapa ndipo waliokuwa kimya huanza kusema.

Sasa kadi, na usiharakishe. Hisa ya Black Star Line iliuzwa dola 5, na mtu mmoja hakuruhusiwa kuzidisha hisa 200. Meli ya kwanza, Yarmouth, ilikubaliwa kwa dola 165,000, yaani hisa 33,000. Kila kadi ni hisa 1,000. Gawa zote, kisha zikusanye mezani kununua meli. Eleza kwamba ilikuwa imeundwa 1887, na kwamba matengenezo hayakuisha. Mwaka 1921 iliuzwa kwa dola 1,625, sawa na hisa 325. Kata kadi moja, rudisha theluthi yake tu, na zilizobaki zitie mfukoni. Nyamaza kidogo, wazihesabu wenyewe.

Mjadala utavutana pande mbili: Garvey alikula fedha, au Garvey alionewa. Usikubali upande wowote upite peke yake. Kampuni ilitangaza kipeperushi chenye picha ya meli ambayo haikuwa imenunuliwa, na hilo likawa msingi wa kesi ya ulaghai kwa njia ya posta. Washtakiwa watatu waliokuwa na Garvey waliachiwa. Yeye alifungwa miaka 5. Lakini pia serikali ya Marekani ilikuwa imepenyeza wapelelezi ndani ya jumuiya. Rais Coolidge alipunguza kifungo Novemba 1927, kisha Garvey akafukuzwa nchini. Mwombe mweka hazina wenu aseme ni kumbukumbu zipi za daftari zingewalinda wanahisa. Atajibu vizuri kuliko mwezeshaji.

Usiandike ubaoni idadi ya wanachama wa UNIA, kwa kuwa makadirio yanapishana mno. Ukizungumzia wito wa Garvey wa watu weusi kurudi Afrika, taja kwamba Garvey mwenyewe hakuwahi kukanyaga bara hili.

Dakika 15 za mwisho zipe Azimio la Arusha la 1967, lililokataa kuifanya fedha kuwa msingi wa maendeleo na kutaja watu, ardhi, siasa safi na uongozi bora. Wagawe makundi ya watu watano, kila kundi lijibu swali hili kwa maandishi: katika hivyo vinne, UNIA ilikuwa na kipi kwa wingi, na ilipungukiwa kipi Yarmouth ilipong'oa nanga?