Mambo ya Kuzingatia Kabla Hujaanza Kutengeneza Programu za Simu

Kama tayari unajua kuprogramu, umeshajenga tovuti mbili tatu, PHP au Python au Java haikusumbui, na sasa unataka kuhamia kwenye programu za simu, soma haya kabla hujafungua mradi wa kwanza. Nimewaona vijana wenye vichwa hapa Dar wakikwama, na kilichowakwamisha si lugha ya kuprogramu. Ni mambo ya pembeni ambayo hakuna aliyewaambia. Mimi mwenyewe moja liliniumiza, na likawaumiza watu wengine pia. Nitalifikia.

Mashine kwanza. RAM ya GB 8 ndiyo ya chini kabisa kwa Android Studio, programu ya Google ya kutengenezea programu za Android. Ukitaka kuwasha na emuleta, yaani simu ya kuigiza ndani ya kompyuta, tafuta GB 16. Diski iwe SSD. Kama huna uwezo wa GB 16, achana na emuleta, tumia simu halisi. Hata mwenye mashine kubwa namwambia hivyo hivyo: nenda Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, nunua Tecno au itel ya bei ya chini yenye RAM ya GB 2, hiyo iwe simu yako ya majaribio, kwa sababu simu za namna hiyo ndizo wanazoshika wengi wa watakaotumia kazi yako. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, gusa namba ya toleo mara 7 mfululizo, utafunguliwa chaguo za wasanidi. Humo washa utatuzi wa USB, ili kompyuta iweze kuweka programu yako kwenye simu. Na waya uwe wa kupitisha data. Zipo nyaya za kuchaji tu, utakaa kutwa unadhani simu ni mbovu. Mwambie muuzaji akuhamishie picha kwa waya huohuo kabla hujatoa hela.

Bando. Android Studio, SDK (zana za kujengea za Android) na vifurushi ambavyo Gradle, chombo kinachojenga programu, huvuta mara ya kwanza ni GB kadhaa, kwa hiyo usianze na bando la siku. Vuta usiku, au nenda mahali penye faiba, kisha washa hali ya kufanya kazi bila mtandao ili Gradle isikutafune kila unapojenga. Umeme nao unakatika. Kama unatumia kompyuta ya mezani, nunua UPS, na sukuma msimbo wako kwenye Git, ghala la kutunza msimbo lililo nje ya mashine yako, kila jioni bila kukosa.

Lugha, chagua moja utulie nayo. Google wametangaza tangu 2019 kwamba Kotlin ndiyo lugha wanayoitanguliza kwa Android. Java bado inafanya kazi. Flutter, inayotumia Dart, na React Native, iliyotoka Facebook mwaka 2015, zinakuwezesha kuandika mara moja ukatoa ya Android na ya iPhone. Lakini ya iPhone lazima ijengwe kwa Xcode, zana ya Apple, na Xcode haikai kwenye kompyuta isiyo Mac. Huna Mac? Usimwahidi mteja iPhone.

Anayetoka kwenye tovuti hushangazwa na tabia za simu. Ukurasa wa tovuti unakaa palepale ulipouacha. Kwenye Android, mtu akigeuza simu tu, skrini yako inauawa na kuundwa upya; simu ikipigwa katikati ya kujaza fomu, mfumo ukibanwa na RAM, unaitupa programu yako nje bila kuuliza. Jifunze mzunguko wa maisha wa Activity, yaani skrini moja ya programu inavyozaliwa na kufa, kabla ya kujifunza kupaka rangi vitufe. Kazi nzito usiiweke kwenye uzi mkuu, ule unaochora skrini na kupokea miguso: mguso ukikosa jibu kwa sekunde 5, Android inamwambia mtumiaji kwamba programu yako haijibu, inamuuliza kama aifunge. Naye ataifunga. Panda mwendokasi kutoka Kimara hadi Kivukoni ukiwa na programu yako mkononi, uone mtandao unavyokuja na kuondoka. Kama inakufa mtandao ukiyumba, hujamaliza kazi.

Ada. Akaunti ya Google Play ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka. Andaa kadi inayokubali malipo ya nje, na jina la kwenye akaunti lilingane na kitambulisho chako, maana utahakikiwa. Kama akaunti ni ya mtu binafsi na imefunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023, huwezi kuweka programu hadharani hivihivi: lazima upate wajaribu 12 waliojiunga na kukaa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walikuwa 20. Kwa hiyo usimwambie mteja "Jumatatu iko Play Store" wakati hata wajaribu huna. Anza kuwakusanya ukiwa bado unaandika: wenzako wa chuo, majirani, shangazi. Jina la kifurushi, yaani jina la ndani ambalo mfumo unaitambulia programu yako, nalo lifikirie vizuri, kwa sababu programu ikishatoka jina hilo halibadilishwi milele. Play haipokei linaloanza na com.example.

Sasa ufunguo. Hapa nakuomba uache simu, usome.

Kila programu ya Android husainiwa kwa ufunguo wa siri ambao wewe mwenyewe unautengeneza, faili dogo, mara nyingi lenye mwisho wa .jks, pamoja na nywila zake. Sahihi hiyo ndiyo simu inayoitumia kujua kwamba toleo jipya limetoka kwa mtu yuleyule aliyetoa la zamani. Sahihi zikitofautiana, simu inakataa toleo jipya. Na kila programu inatunza data yake kwenye chumba chake, ambacho programu yenye sahihi nyingine haiwezi kukifungua.

Mwaka 2019 nilitengeneza programu ya vikoba kwa akina mama wa Mbagala. Hisa, marejesho ya mikopo, faini, mfuko wa jamii, yote ndani ya simu ya katibu bila kuhitaji mtandao. Ilianza na kikundi kimoja, kufikia mwaka uliofuata vilikuwa 11, mpaka Chanika. Msimbo niliutunza vizuri kwenye Git. Faili la ufunguo nililizuia lisiingie Git, kama inavyotakiwa. Lilikuwa mahali pamoja tu, kwenye laptopu.

Jioni moja ya Novemba, kwenye kugombania daladala Rangi Tatu, begi langu lilichanwa na wembe. Niligundua nimeshakaa. Niliumia kwa laptopu, lakini nikajipa moyo kwamba kazi yote ipo Git. Nikaazima mashine.

Wiki mbili baadaye katibu mmoja akanipigia. Vikundi vilikuwa vinajiandaa kuvunja na kugawana kabla ya Krismasi, na hesabu ya mgao haikukubaliana na fedha zilizokuwa sandukuni. Nikatazama nikaona kosa ni langu: faini zilikuwa zinajumlishwa mara mbili kwenye faida. Marekebisho yalikuwa mistari miwili. Nikajenga toleo jipya, nikalipeleka Play, likakataliwa: limesainiwa kwa ufunguo mwingine. Nikawatumia faili lenyewe kwa WhatsApp, simu zao zikasema programu haijasakinishwa. Wakati huo programu yangu ilikuwa haijaingizwa kwenye huduma ya Google ya kutunza ufunguo, kwa hiyo hakukuwa na wa kumwomba.

Ndipo nikafanya kosa la pili, ambalo mpaka leo likinijia usiku naamka. Katibu wa kikundi kimoja alikuwa ananisubiri kwenye simu, ana haraka, nikamwambia, "Mama, futa hiyo ya zamani, uweke hii niliyokutumia." Akafuta. Chumba cha data kikafutwa pamoja nayo. Miezi kumi na moja ya marejesho ya wanawake 27.

Nilienda nyumbani kwake jioni ileile. Tulikaa barazani na daftari la kaunta jipya, wanachama wakaja mmoja mmoja na vitabu vyao vya hisa, tukahesabu mihuri. Wengine vitabu vilikuwa vimelowa mvua, wengine mihuri ilikuwa imepauka. Mama mmoja alikuwa ameshamaliza mkopo wake wote lakini karatasi ya mwisho haikuonekana, ikabidi majirani wawili waape kwamba walimwona akilipa. Kulikuwa na sanduku la kikundi pale pembeni, lile la bati lenye kufuli tatu, na kila ufunguo unakaa kwa mama tofauti anayeishi nyumba tofauti. Katibu akaniuliza kwa upole kabisa, "Sasa mwanangu, huo ufunguo wako alikuwa anakutunzia nani mwingine?" Sikuwa na jibu. Vile vikundi vingine 10 ilibidi vinakili kila tarakimu kwa mkono kutoka programu ya zamani kwenda mpya, yenye jina jipya la kifurushi. Vinne havikurudi tena kwenye simu, vikarudi kwenye madaftari, na siwalaumu.

Siku hizi hali ni nafuu. Tangu Agosti 2021 programu mpya kwenye Play lazima zipelekwe kwa muundo wa AAB, furushi ambalo Play yenyewe inalitengenezea faili la kila simu, na Google ndio wanaotunza ufunguo mkuu. Wewe unabaki na ufunguo wa kupakia, ambao ukipotea unaweza kuomba uwekewe mwingine. Lakini usilale. Programu unayoigawa kwa WhatsApp au kwa Bluetooth nje ya Play bado inakutegemea wewe peke yako. Na hata kwenye Play, ufunguo umehamia kwenye akaunti: ukipoteza barua pepe umepoteza kila kitu. Chapisha zile nambari za akiba za uthibitisho wa hatua mbili kwenye karatasi, usitegemee laini ya simu tu, maana laini hupotea na namba hufungwa.

Kwa hiyo fanya hivi siku unayotengeneza ufunguo, usingoje kesho. Upe uhai wa miaka 25 au zaidi. Weka nakala tatu: flashi moja nyumbani kwako, moja kwa ndugu unayemwamini anayekaa mtaa mwingine, na moja mtandaoni ikiwa imefungwa kwa nywila. Nywila za ufunguo ziandike kando, zisikae pamoja na faili. Kisha chukua kompyuta ya rafiki, chomeka ile flashi, saini programu nayo, uone inakubalika kama sasisho juu ya ile uliyoisaini mwenyewe iliyopo kwenye simu, si ile iliyoshushwa Play. Nakala ambayo hujawahi kuijaribu usiihesabu. Rudia jaribio hilo kila mwaka. Na kama programu inatunza data ndani ya simu, kitufe cha kutoa nakala ya data kiwepo tangu toleo la kwanza.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Wengi wanaoanza hapa kwetu hupata wazo la kusoma SMS za M-Pesa au Airtel Money za mtumiaji ili kuthibitisha malipo. Google walibana ruhusa ya kusoma SMS tangu walipotangaza masharti mapya mwishoni mwa 2018. Programu yako huenda ikakataliwa. Tafuta njia rasmi ya kuunganishwa na mtandao wa simu au kampuni ya malipo, na anza mapema, karatasi zake ni nyingi. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Usikusanye namba ya NIDA ya mtu kwa sababu tu nafasi ya kuijaza ipo.

Saa, watu wanasahau. Katibu wangu aliweka kikumbusho cha kikao saa 10, akimaanisha alasiri. Simu ikalia saa nne asubuhi yuko sokoni. Kama unaandika kwa Kiswahili, andika na saa kwa Kiswahili, uweke asubuhi, mchana, jioni, usiku.

Kila mwaka Google hupandisha kiwango cha toleo la Android ambalo programu lazima ililenge, kwa kawaida mwisho wa Agosti. Hiyo ni kazi, na kazi inalipwa. Iandike kwenye mkataba. Akaunti ya Play iwe ya mwenye biashara, isiwe yako, ili siku ukiugua au ukisafiri asikwame. Usikubali "tutaelewana". Usitoe toleo jipya Ijumaa jioni. Usimwambie mtu afute chochote kwa simu ukiwa na haraka. Na jioni, ukiwa unapanda gari Rangi Tatu au Mbezi Mwisho, begi la laptopu livae kifuani, mkono juu yake, mpaka ushuke.