Roketi ya chupa ya soda hapa Chuga: uzito mbele, mapezi nyuma

Wadau mambo vipi. Braza alirudi toka Marekani akaniletea boksi la roketi ya kuunga mwenyewe, ile yenye bomba la karatasi, mapezi ya plastiki na parachuti kabisa, nikafurahi kinoma mpaka nilipouliza injini iko wapi. Haipo. Zile injini ni baruti iliyoshindiliwa kwenye kimrija cha karatasi, kwenye ndege huwezi kupanda nazo begini, na hapa Arusha sijaona duka linaloziuza. Boksi likapanda juu ya kabati, ila karatasi ya maelekezo niliisoma hadi ikachakaa nikaelewa jambo moja, injini kazi yake ni kusukuma tu, kinachofanya roketi iende wima ni uzito kukaa mbele na mapezi kukaa nyuma. Basi nikalihamishia hilo kwenye chupa ya soda, maji na pampu ya baiskeli.

Hatua ya 1, chupa. Tafuta ya lita 1 na nusu au 2, na iwe ya kinywaji chenye gesi maana ile imetengenezwa kuvumilia presha. Chupa ya maji ya kunywa usiiguse, ni nyepesi mno. Ikiwa na mkunjo mweupe au mchubuko mkubwa, tupa.

Hatua ya 2, mapezi. Mimi nakata mfuniko wa ndoo ya rangi, mapezi matatu, la kwanza nalitumia kama kipimo cha mengine ili yalingane. Roketi inasimama mdomo chini, kwa hiyo acha mapezi yashuke kupita mdomo kama sentimita 12 hivi, hayo hayo ndo miguu yake na pampu inapata nafasi chini. Bandika kwa selotepu pana, zungusha mara mbili tatu. Supa gluu hapana! Ukijaza upepo chupa inavimba kidogo, gundi ngumu haivimbi nayo, inabanduka na pezi linabaki chini roketi ikiwa angani. Na gundi ya moto inaikunja plastiki.

Hatua ya 3, pua. Kata sehemu ya juu ya chupa nyingine, ivishe kwenye kitako cha chupa yako ambacho sasa ndo kichwa, ndani weka udongo wa mfinyanzi uzito wa kama betri mbili za saizi ya AA, gramu 40 mpaka 50. Usiweke mawe wala misumari, hii kitu itarudi chini na haichagui kichwa cha nani. Kuna siku nilitumia unga wa chapati, asubuhi nikakuta panya wameshakula pua yote.

Hatua ya 4 ndo watu wanairuka halafu wanalalamika. Roketi ikiwa tupu, ilaze juu ya kidole utafute pale inapobalansi, funga kamba hapo na selotepu isiteleze, kisha simama sehemu wazi uizungushe juu ya kichwa kama unafukuza ndege shambani. Pua ikitangulia mizunguko yote, uko vizuri. Ikizunguka ubavu au ikitanguliza mkia, ongeza udongo kwenye pua, tafuta balansi upya, zungusha tena, na kama bado basi mapezi yako ni madogo. Tunapima ikiwa tupu kwa sababu maji yanamwagika yote chini ya sekunde moja, safari iliyobaki chupa inaenda kavu. Roketi yangu ya kwanza sikuipima, nilidhani dawa ni kuongeza upepo, ikapanda mita kama 5 ikapinda kama mlevi wa mbege na kuingia kwenye migomba ya mama mmoja. Niliongeza upepo mara tatu, na mara zote tatu nilikuwa naifuata migombani.

Hatua ya 5, kizibo. Omba kizibo cha mvinyo kwa mtu anayefanya kazi hotelini, mji wa watalii huu havikosekani. Kikate mpaka sindano ya kujazia mpira wa miguu ikipita katikati ncha yake itokeze upande wa pili. Kiingie mdomoni kwa kukaza, kikiingia kirahisi kitachomoka mapema. Mpira wa pampu fundi baiskeli alinirefushia ukafika mita 3, klampu kila kiungo, maana sitaki kuchutama karibu na hiyo chupa.

Kurusha sasa. Nenda uwanja wa mpira asubuhi kabla upepo haujaanza, mbali na nyaya za umeme, na nyie mnaokaa Kisongo karibu na uwanja wa ndege tafadhali, kule ndege zinapita chini, msilete balaa. Maji jaza theluthi moja. Ukijaza mengi upepo unakosa nafasi na mzigo unakuwa mkubwa, ukiacha bila maji upepo unatoka fyuu na roketi haina nguvu ya kufika mbali. Bana kizibo, simamisha, machalii wote warudi nyuma hatua 15, aliye kwenye pampu avae miwani ya kuchomelea. Hesabu kwa sauti ukianza kupampu kwa sababu hii haina swichi, inaondoka yenyewe kizibo kikishindwa, kwangu huwa geji ya pampu ikifika 30 au 40 psi (kipimo cha presha). Ikipanda vizuri inauzidi mti mkubwa wa mgrivea, na wewe umelowa.

Geji ikifika 60 haijaondoka, acha kupampu na usiisogelee, wala usichungulie kwa juu. Fungua klampu ya upande wa pampu, sindano haina valvu kwa hiyo upepo utarudi taratibu pamoja na maji, subiri uishe kabisa ndo uende ukalegeze kizibo kidogo.

Parachuti achana nayo kwanza. Chupa ikishaanguka mara kadhaa kwenye ardhi ngumu itafute nyingine, mapezi na pua unahamisha tu. Na ikitua kwenye bati la jirani nenda mwenyewe ukabishe hodi, usimtume mtoto.