Banda la kupumzikia kando ya Malagarasi: pima kwa maji ya masika

Wengi hutafuta kiwanja cha banda la mapumziko mwezi Agosti. Njia ni kavu, mto umenywea, mchanga unaonekana, na palipo pazuri kuliko pote ni chini kabisa, hatua chache kutoka majini. Kosa huanzia hapo. Mto Malagarasi hupita kwenye vinamasi vikubwa vya Muyovozi, ambavyo hunywa maji ya mvua na kuyaachia polepole. Ndiyo maana huku Uvinza na Ilagala, mkoani Kigoma, mto unaweza kuendelea kupanda mvua zikiwa zimeshapungua, na maji yakishapanda hayana haraka ya kushuka.

Basi tafuta alama ya mafuriko kabla ya kununua hata fito moja. Tembea ukingoni ukiangalia miti upande unaotazama mto unakotoka: nyasi kavu, vijiti na vipande vya nailoni vilivyonasa matawini, au tope lililokauka kwenye magome. Waulize wazee maji yaliwahi kufika mti gani, kisha shika alama ya juu kuliko zote hata kama ni ya zamani.

Kuihamisha alama hiyo, tumia mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule mafundi wanaosawazishia msingi, wa mita 10 hadi 15. Ujaze maji. Mmoja ashike ncha usawa wa alama ya mtini, mwingine ashike ncha ya pili kwenye mambo iliyochomekwa kuelekea kiwanjani. Maji yakitulia, weka alama kwenye mambo, kisha anzeni tena kutoka hapo. Pale usawa huo unapokutana na ardhi ndipo mafuriko yaliishia. Sakafu ya banda iwe juu ya hapo kwa sentimita 50 angalau. Kagueni mapovu ndani ya mpira kila mnapohama, kwa sababu povu moja la hewa hupotosha kipimo chote. Kiwanja kikiwa chini, hama. Kifusi cha kuinulia sakafu huondoka na maji ya kwanza.

Wa Ilagala, karibu na mto unapoingia Ziwa Tanganyika, wasiishie kwenye alama za mto. Ziwa nalo limepanda miaka ya karibuni na kufunika fukwe nyingi, na ziwa likiwa juu maji ya mto hukosa pa kutokea.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Hiyo si hasara kwa banda. Matete na mikuyu ya ukingoni ndiyo inayoshika udongo, na upepo unaopita juu yake hufika kwako ukiwa umepoa. Acha njia moja tu ya miguu, upana wa mita moja na nusu, iende kwa mshazari. Njia iliyonyooka kuteremka mtoni hugeuka korongo ndani ya masika mawili.

Banda la mita 6 kwa 4 linawatosha watu kumi na tano. Urefu wake ulale mashariki na magharibi, na upande wa magharibi uzibwe kwa matete, maana jua la saa tisa alasiri mwezi Septemba ndilo linalofukuza watu. Nguzo ni 8, nne kila upande, kila moja mita 3.4: sentimita 70 ardhini, mita 2.7 juu. Babua sehemu ya kuchimbia kwa moto mpaka ngozi yake iwe mkaa, kwa ajili ya mchwa. Oil chafu usiitumie, itafika mtoni. Paa la nyasi liwe na mteremko wa nyuzi 45, kwani likilala zaidi maji hutuama na nyasi huoza. Ukingo wake utokeze sentimita 80. Hapo ndipo wengi hukosea hesabu: kwa mteremko huo, ukingo hushuka sentimita 80 vilevile, na nguzo ya mita 2 juu ya ardhi itawaacha wageni wakiingia kwa kuinama.

Sasa maji yenyewe, na hapa tunaomba usome polepole. Mto una hatari mbili ambazo saa zake hazifanani. Vijidudu vya kichocho hutoka kwenye konokono kwa wingi jua likiwa kali, takriban saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Mamba naye huwinda zaidi alfajiri, jioni na usiku, ingawa mchana pia hakuna dhamana. Anayekwepa kimoja kwa kuchagua saa humfuata kingine. Kwa hiyo dawa si kuchagua saa, ni kutoingia majini kabisa.

Teka ukiwa juu ya ukingo, mita 3 kutoka maji, kwa ndoo yenye kamba. Msizoee sehemu moja kila siku, mamba hujifunza mazoea ya watu. Pakihitajika pa kutekea pa kudumu, jengeni kizimba cha nguzo nene zilizozama mita moja kwenye sakafu ya mto, mwanya usizidi sentimita 10, na uzio ufike hadi nchi kavu pande zote mbili. Kabla ya kuchimbia, piteni serikali ya kijiji na ofisi ya bodi ya maji ya bonde, Kigoma mjini. Kizimba huharibika kwa njia mbili: mafuriko hulegeza nguzo, na kiangazi maji hukihama. Kila asubuhi tikisa nguzo moja moja, kisha chokoa ndani kwa mti mrefu kabla mtu hajainama kuteka.

Watoto watataka kuoga, na wana haki ya kuoga. Wawekeeni mapipa mawili yenye mifuniko kivulini: moja linatumika leo na kesho, lingine limejazwa leo kwa ajili ya keshokutwa. Maji yakikaa siku mbili bila konokono, vijidudu vya kichocho hufa. Kwa kunywa bado yachemshwe. Choo kiwe nje ya zile mita 60 na juu ya alama ya mafuriko, kwani mayai ya kichocho huingia mtoni kwa mkojo na kinyesi. Mtoto akikojoa damu au akiiona chooni, apelekwe zahanati siku hiyohiyo.

Mwisho ni kiboko. Njia yake ni mfereji mpana ulioshindiliwa, wenye mstari wa nyasi katikati. Ukiuona kiwanjani, sogeza banda, usiizibe. Giza likiingia kila mtu awe ameondoka, na anayechelewa asipite kati ya kiboko na maji.