Somo: Kuendesha kituo cha jioni kinachombakiza mtoto shuleni

Wengi humu kwenye kundi letu mmeniuliza kituo kinaanzaje. Nitaeleza tunavyofanya sisi Pasua, Moshi, mwaka wa sita sasa. Tuko kina mama wanne na mwalimu mstaafu mmoja. Hatulazi mtoto. Kila mmoja analala kwao: kwa bibi, kwa mjomba, kwa mama anayeuza ndizi Mbuyuni. Kazi yetu ni kwamba kesho asubuhi awe darasani.

Hatua ya 1: Bisha hodi serikali ya mtaa

Mwenyekiti wa mtaa, mtendaji wa kata, afisa maendeleo ya jamii, afisa ustawi wa jamii. Wote wawajue kabla hamjakusanya mtoto hata mmoja, na kikundi kiandikishwe halmashauri. Mkianza kulaza watoto mmekuwa makao ya watoto, na Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataka makao yawe na leseni. Mimi nawasihi msilaze. Mtoto akishatolewa kwa bibi yake, kumrudisha ni kazi kubwa kuliko kumsaidia akiwa palepale.

Hatua ya 2: Nenda nyumbani kabla hujanunua kitu

Hapa ndipo tulipokosea. Mwaka wa kwanza tulipata hela kidogo, tukanunulia watoto 20 viatu na mabegi. Kufika Pasaka watatu walikuwa wameacha shule, viatu wanavyo. Mmoja alikuwa binti wa darasa la tano. Bibi yake alikuwa amelala kitandani, hajiwezi, na yeye ndiye aliyekuwa anateka maji, anamwogesha na kumpikia uji. Angetoka saa ngapi? Tulikaa na majirani watatu, wakakubali kupokezana asubuhi. Wiki iliyofuata binti alirudi darasani.

Tangu siku hiyo tunakwenda kwanza, tunakaa kwenye kigoda, tunazungumza. Usiulize "kwa nini mtoto haendi shule?" Utajibiwa "ni mtoro tu". Uliza nani anaamka wa kwanza hapa nyumbani. Nani anateka maji? Siku ya gulio mdogo wake anabaki na nani? Jana usiku mlikula nini? Usiandike mbele yao, andika ukifika kituoni. Na mtoto naye mpe nafasi ya kuongea akiwa peke yake na mama mmoja anayemzoea.

Mtagundua kwamba kinachomtoa mtoto shuleni mara nyingi ni kitu kidogo. Shule za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne tangu Januari 2016, na kidato cha tano na sita tangu 2022. Lakini sare, madaftari na chakula cha mchana bado ni juu ya mzazi. Suruali iliyochanika nyuma inatosha kumfungia kijana nyumbani. Binti asiye na taulo za kike anakosa siku kadhaa kila mwezi, halafu hesabu zinampita, halafu anaona aibu kurudi. Sare mshonee kwa fundi wa mtaani, mwambie aache pindo refu la kushusha mwakani.

Hatua ya 3: Daftari la mahudhurio

Kama hamna nguvu ya kufanya yote, fanyeni hili. Mtoto haachi shule kwa siku moja. Anakosa Ijumaa, anakosa siku ya gulio, anakosa wiki ya kuvuna, na siku moja jina lake linaitwa na hakuna anayeshtuka. Shule yenye darasa kubwa itachelewa kugundua. Nyinyi msichelewe.

Tulikwenda kwa mwalimu mkuu na barua ya mtendaji wa kata, tukaomba jambo moja tu: mwalimu wa darasa atutumie ujumbe kabla ya saa nne asubuhi kama mmoja wa watoto wetu hayupo. Siku ya kwanza tunapiga simu kwa mlezi. Siku ya pili mfululizo mmoja wetu anakwenda kwa miguu, na haendi na maneno makali. Amekwenda kuuliza kuna nini, na kama ni unga umeisha, anarudi na unga. Watoto tulionao ni 34, na daftari ni la kawaida la mistari, kila mtoto ukurasa wake.

Hatua ya 4: Jioni

Uji wa saa tisa na nusu, wenye karanga. Kazi za shule, mwalimu wetu akipita meza hadi meza. Tunataka ziishe kukiwa bado na mwanga, kwa sababu wengine kwao ni kibatari. Saa kumi na mbili kila mtu kwao, wadogo wakisindikizwa na wakubwa.

Hatua ya 5: Mlezi naye asimame

Tumeanzisha kikundi cha hisa cha walezi, cha kuweka akiba na kukopeshana, wanakutana Jumamosi. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, isaidieni isipoteze ruzuku, kwani sehemu yake inategemea mahudhurio ya mtoto shuleni. Kama kaya ni maskini na haimo, mlezi ahudhurie mkutano wa mtaa wakati wa kutambua walengwa. Asipokuwepo, jina lake nani atalitaja?

MASWALI

Mwanachama wa Kiboriloni: Shikamoo mama. Binti wa jirani alipata mimba kidato cha pili, sasa mtoto anaachishwa ziwa. Wazazi wanasema shule basi.

Marahaba mwanangu. Si basi. Waraka wa Elimu Namba 2 wa mwaka 2021 unaruhusu aliyekatiza masomo kurudi, na aliyejifungua yumo. Nendeni kwa mkuu wa shule mapema, pamoja na mzazi. Akiona aibu kurudi palepale, aombe uhamisho, au asome kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Swali kubwa kwenu ni nani atabaki na kachanga. Lipatieni jibu kwanza, vinginevyo ataacha tena.

Mwanachama wa Unga Limited, Arusha: Dada, kuna kijana wa miaka 13 anabeba mizigo sokoni Kilombero, hajawahi kumaliza darasa la pili. Anaona aibu kukaa na watoto wadogo.

Ana haki ya kuona aibu. Muulizieni kwa afisa elimu kata darasa la MEMKWA, ule mpango wa elimu ya msingi kwa walioikosa. Humo atakuta wa rika lake. Sheria ya Mtoto inaweka umri wa chini wa kuajiriwa kuwa miaka 14, lakini msianze kwa kumtisha na sheria. Jueni hela anayopata inakwenda kwa nani. Kama inalisha wadogo zake, lazima chakula hicho kitoke mahali pengine kabla hajaacha mizigo.

Mwanachama wa Majengo: Wageni wanaokuja kupanda mlima wanaomba kutembelea kituo na kupiga picha na watoto. Wanachangia vizuri. Tukatae?

Sisi tumekataa picha za sura. Mtoto anayesaidiwa kwa sababu ya umaskini hapaswi kuonekana hivyo mpaka uzeeni. Pia hatupokei mtu wa kukaa na watoto wiki mbili halafu anaondoka. Wanamzoea, wanalia, wanabaki na maswali. Anayetaka kuchangia tunamwonyesha hesabu za mahindi na karanga. Wapo waliochukia. Wapo wanaotuma hadi leo.

Mwanachama wa Soweto: Mtoto wetu amekuja na alama za fimbo mgongoni. Mlezi ni baba yake wa kambo. Niende nikamkanye?

Usiende, dada yangu. Ukimkanya, usiku mtoto ndiye atakayelipa. Piga 116, namba ya huduma kwa mtoto, ni bure. Mjulishe afisa ustawi wa jamii leo hii, na mwende Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Wao ndio watakaoamua mtoto alale wapi. Wewe kaa naye, mpe uji, asirudi peke yake. Niandikie pembeni ukishapiga.