Jinsi ya kumchunguza mtoto wa chekechea darasani

"Mtoto huyu ni mkorofi." Andiko kama hilo halimsaidii mwalimu mwenzako, mzazi wala mtoto mwenyewe. Halisemi alifanya nini, saa ngapi, wala nini kilitangulia. Hatua zifuatazo ni za mwalimu mwenye darasa zima la kusimamia huku akiandika.

Hatua ya 1: Mtoto mmoja, swali moja
"Nataka kumfahamu" ni pana mno. "Hujiungaje na wenzake wakati wa mchezo huru?" linajibika. Tumia herufi badala ya jina, maana daftari husahauliwa mezani.

Hatua ya 2: Panga nyakati
Dakika 5 hadi 10 kwa mara moja zinatosha, ila rudia kwa siku kadhaa na nyakati tofauti: anapofika, anapocheza nje, anapokaribia kuondoka. Mtoto aliyechoka si yule wa asubuhi. Kaa pembeni, usimkodolee macho. Akiuliza unaandika nini, mjibu kwa kifupi, "Naandika jinsi mnavyocheza," uendelee.

Hatua ya 3: Andika ulichoona na kusikia
Hapa ndipo penye kazi. Linganisha maandiko haya:

"K alikasirika bila sababu, akamwonea mwenzake."

"Saa 4:10, kona ya ujenzi. K amepanga vibao sita. Mwenzake anachukua kimoja. K anasema 'Changu!' mara mbili. Hajibiwi. Anamsukuma begani. Mwalimu anamtoa K, anakaa naye pembeni."

La pili linaonyesha kuwa K alianza kwa maneno, na mkono ulifuata maneno yaliposhindwa. La kwanza limeficha yote hayo. Tegemea vitenzi: alicheka, aligeuka, alinyoosha mkono. Maneno ya mtoto yaandike alivyoyatamka, hata akikosea. "Daima", "kamwe", "mvivu" na "mtundu" yaache. Maoni yako unaruhusiwa kuwa nayo, lakini yape safu yake. Ukikosa nafasi, andika maneno machache kwenye kikaratasi, kisha ukamilishe siku ileile. Kesho utajaza kwa kubuni.

Hatua ya 4: Chagua njia ya kurekodi
Kwa tabia inayojirudia, chora safu tatu: kabla, tabia, baada. Wengi huipuuza safu ya tatu. Kwa K, kusukuma kulifuatiwa na kukaa na mwalimu peke yake. Hilo likijirudia, huenda ndilo analolitafuta. Kama unataka kujua tabia hutokea mara ngapi, weka alama tu kila inapotokea. Orodha ya kuweka alama ya vema (✓) ni ya haraka, ila haielezi mtoto alifanyaje.

Hatua ya 5: Soma maandiko kwa maeneo ya ukuaji
Angalia misuli mikubwa na midogo, lugha, fikra, hisia na mahusiano. Kufikia miaka 4, watoto wengi hushika kalamu kwa vidole badala ya ngumi, na wakichora mtu huonyesha angalau sehemu tatu za mwili. Kuhusu mchezo, mgawanyo wa mtafiti Mildred Parten wa 1932 bado unafaa: kutoshiriki, kucheza peke yake, kutazama wenzake, kucheza sambamba nao (kando yao, kila mmoja na lake), kuchangamana nao bila lengo moja, na kushirikiana kwa lengo moja. Usiufanye ngazi ya lazima. Mtoto anayejenga peke yake kwa utulivu anaweza kuwa amezama kazini tu.

Hatua ya 6: Tafuta maelezo zaidi ya moja, kisha chukua hatua
Asiyeitika akiitwa huenda hasikii vizuri, haielewi lugha ya darasani, au amezama mchezoni. Usimpe jina la ugonjwa; hiyo ni kazi ya wataalamu, nao watahitaji maandiko yako. Unapozungumza na mzazi, anza na yale mtoto anayoyaweza, msomee ulichoandika, kisha uulize nyumbani hali ikoje.

Darasani badilisha jambo moja tu. Kwa K, mfundishe kusema "Naomba unirudishie", nawe uwe karibu kuhakikisha anajibiwa. Baada ya wiki moja au mbili, mchunguze tena kwenye kona ileile, saa ileile.